Mechi tano bao tano: Harambee Stars tatizo ni straika ama ni vile tunashambulia?

MwanaMkomani
Salaam wana. Jana usingizi ulinikataa nikaanza kuhesabu mabao yetu Kenya kwenye CHAN, yale mashindano ya Afrika ya mwezi wa nane 2025, nyinyi mumeyahesabu? Congo ya Kinshasa 1-0, Angola 1-1, Morocco 1-0, Zambia 1-0, halafu robo fainali Madagascar 1-1 tukatolewa kwa penalti 4-3. Mechi tano bao tano. Yaani kila siku moja tu kama mtu amepewa dawa kutwa mara moja. Sikatai tuliongoza kundi na pointi 10 na siku ya Morocco hapa Mkunguni, Lamu, watu walipiga makelele mpaka punda wakakata kamba, nilikuweko na sauti ilinikauka siku mbili. Lakini bao moja moja hivi si presha ya bure?
Sasa suali langu, tuna straika wa kweli ama tunamtwika Ryan Ogam mzigo wa watu wanne? Na kocha mwenyewe Benni McCarthy alikuwa straika, kabeba Klabu Bingwa Ulaya na Porto 2004, tena kawafundisha mastraika wa Manchester United, sasa vipi timu yake inapakua mabao kwa kijiko cha chai? Mi naona angempanga yule straika wetu mwengine Michael Olunga mbele na Ogam nyuma yake tungewamaliza Madagascar mapema. Nijibuni bila matusi.

BintShela
Kakangu usingizi ulikukataa kweli 😂 Olunga angepangwa vipi CHAN? Ile ni ya wachezaji wa ligi za nyumbani peke yake, Olunga alikuwa Qatar miaka. Ogam mwenyewe alicheza kwa sababu alikuwa Tusker ya ligi yetu, mashindano yalipoisha akaenda zake Austria.
Halafu unasahau kitu. Mechi mbili kati ya hizo tulicheza pungufu, siku ya Angola tulipewa kadi nyekundu mapema, siku ya Morocco tena kabla ya hafu taimu. Watu kumi unataka washambulie na nini? Na hao Morocco ndio waliochukua kombe, na mechi waliyofungwa ni hiyo yetu peke yake. Kwa hivyo mi hizo mbili simlaumu mtu.
Ukitaka kulaumu, laumu mechi ya Madagascar. Pale tulikuwa kumi na moja, nyumbani, uwanja wa Kasarani umejaa, tukapata bao mwanzo wa kipindi cha pili na tangu hapo tukaanza kurudi nyumaaa kama maji ya bamvua yakikupwa mpaka wakapata penalti wakasawazisha.

ManUDamu
McCarthy kufundisha mastraika wa Man U unaiweka kama sifa? Sisi tulioangalia msimu ule tunajua tulichokiona. Napita tu.

HamaliWaLangoni
Mi nitawaambia kwa lugha ya kazi yangu. Mumeshaona punda wawili wamebeba mchanga wakakutana kwenye ujia, mmoja apanda mmoja ateremka? Hakuna anayepita. Utapiga simileni simileni mpaka koo likauke, punda amesimama, nyuma yake wa tatu kafika, na mama wa watu ameshika kapu kajibana ukutani anakuangalia kama wewe ndio uliyejenga mji. Sasa ndio sisi tukishambulia. Kiungo wetu Austin Odhiambo anataka mpira katikati, winga naye anaingia ndani katikati, Ogam naye anashuka kuufuata katikati, na beki wa watu wamesimama pale pale hawana hata haja ya kukimbia. Pembeni kumebaki kweupe mtu angepita na trela.
Na angalieni mabao yenyewe ya CHAN nani kafunga. Odhiambo mawili, moja la penalti. Ogam mawili. La mwisho Omija ambaye ni beki. Winga hata mmoja hakuna! Timu ya mawinga wazuri vile na hakuna hata mmoja aliyeandika jina, hapo tatizo si straika ndugu yangu.

MwanaMkomani
Haya ya Olunga nimekosea dadangu, nakubali, ilikuwa saa nane usiku. Lakini mwezi wa tisa kwenye kufuzu Kombe la Dunia walikuwa wote wawili na Seychelles walikula 5-0, Olunga mbili Ogam mbili. Si ndio nilichosema?

BintShela
Seychelles jamani 😩 Siku nne kabla ya hapo Gambia walikuja Kasarani hapo hapo wakatupiga 3-1. Mbona hiyo huitaji? Halafu Burundi 1-0, Ogam tena, tukarudi kwa dawa yako ya kutwa mara moja, na Ivory Coast wakatumalizia 3-0.

MzeeWaKiamu
Wanangu nyinyi mna haraka. Mimi nakumbuka 2019 kule Misri kwenye AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, tulipocheza na Tanzania, wametangulia wao, tukasawazisha, hatujakaa sawa wakafunga tena, tukasawazisha tena, mwisho Olunga akaweka la tatu 3-2. Stima ilikuwa imepotea mtaa mzima tukasikiliza kwa redio ya betri, watu kumi na tano wamezunguka redio moya kama wamwangalia mgonjwa. Siku ile hapakuwa na kurudi nyuma, walifungwa wakaenda, wakafungwa wakaenda. Vijana wa yeo wakipata bao moya washaanza kuangalia saa.

KipaMstaafu
Mzee wetu shikamoo. Mimi nimekaa golini miaka kumi na tatu, timu ya mtaa tu msije mkadhani makubwa, lakini kitu kinachomtisha kipa nakijua na hapa naona hakuna aliyekitaja.
Krosi ya juu inayotoka mbali haimtishi kipa. Anaiona tangu iko mguuni, anahesabu hatua, beki wake wote wanaangalia mbele, anatoka anadaka ama anaipiga ngumi basi. Na sisi ndio zetu hizo, winga akifika usawa wa boksi tu anaunyanyua, mmoja wetu yuko ndani na beki watatu.
Mpira mbaya ni ule wa winga kuburura mpaka mstari wa mwisho kabisa, karibu na bendera, halafu airudishe chini chini nyuma kidogo usawa wa doa la penalti. Hapo mimi kipa nimebanana na nguzo ya karibu namuangalia winga, beki wangu wanakimbia wakielekea goli letu wenyewe, wakijaribu kuzuia wanaweza hata kujifunga. Anayekuja kutoka nyuma anauona mpira unamfuata na goli liko wazi mbele yake. Mpira kama huo nilikuwa nauchukia mpaka nikiona winga ameshapita beki naanza kutukana kabla hajapiga.
Lakini pasi hiyo inataka watu watatu wakimbie kila mmoja na njia yake. Mmoja nguzo ya karibu, mmoja ya mbali, na mmoja asimame, tena kusimama ndio kazi ngumu kuliko zote, kijana akiona goli hasimami. Ogam anaenda ya karibu vizuri tu. Hao wengine wawili ndio siwaoni, wako nyuma wanaogopa kaunta, yaani mpira ukipotea tushambuliwe ghafla.

HamaliWaLangoni
Hapo ndio penyewe kipa. Wanaogopa kaunta. Si wavivu, wameambiwa wakae.

BintShela
Na ukifunga moja ukakaa inakubidi mwenzako asipate hata penalti moja ya bahati. AFCON 2027 tunaandaa sisi na Tanzania na Uganda, nafasi tunayo tayari kama wenyeji, sasa mechi za kirafiki si ndio pa kujaribu kufunga la pili? Tukifungwa tufungwe saa hizi.

MwanaMkomani
Mi hii ya mtu kusimama sijaielewa bado. Akisimama si ataotea?

KipaMstaafu
Mpira ukirudishwa nyuma hakuna kuotea, ami, mradi yule wa kusimama yuko nyuma ya mpira unapopigwa. Ijumaa baada ya alasiri niko uwanja wa Twaif na wale watoto wangu wa chini ya kumi na tano, hilo ndilo tunalolifanya wiki nzima, njoo uone kwa macho. Na uje na mpira, wetu umetobolewa na mwiba juzi.

ManUDamu
Nikija na mpira nitachezeshwa winga?

KipaMstaafu
Utasimama.