Mama kakutwa na uvimbe kwenye kibofu cha mkojo, majibu yanasema "leiomaioma", hii sio kansa kweli?

Mtu_wa_Masasi:
Wakuu habari za jioni. Bi mkubwa ana miaka 52, tupo Masasi. Toka mwaka jana mwezi wa nane anakojoa damu, sio kila siku, inakuja siku mbili inapotea wiki tatu, mkojo unakuwa kama juisi ya rozela. Kwanza wakasema kichocho, akasimamishwa kwenye ile fimbo ya kupima urefu akapewa vidonge, damu ikarudi, wakasema UTI, sindano kachoma mpaka nimechoka kuhesabu. Kilichonitisha ni kwamba akiwa chooni mkojo unaanza halafu unakata ghafla, mpaka ainuke kidogo ainame mbele ndo unatoka tena. Altrasaundi ya kwanza ikasema fibroidi ya kizazi, ya pili sehemu nyingine ikasema hapana, uvimbe upo kwenye kibofu, sentimita 3. Hela ya korosho yote ikaishia Dar, wakaingiza kamera wakachukua kinyama. Sasa daktari anataka autoe wote, mama anasema kama sio kansa aachwe, na mashangazi nao wanasema uvimbe ukiguswa na kisu unasambaa. Nimebaki katikati.

dada_wa_wodini:
Pole sana kaka. Hiyo ni uvimbe wa misuli laini ya ukuta wa kibofu, ni ndugu yake fibroidi ya kizazi kabisa, ndo maana altrasaundi ya kwanza ilichanganya, hasa kama mama alipimwa kibofu hakijajaa. Ni adimu, haifiki hata 1 kati ya uvimbe 100 wa kibofu, na sio kansa. Ungekuwa mdogo na haumsumbui angeweza kuachwa akapigwa picha kila baada ya muda. Wa mama unaziba njia, ndo huko kukata mkojo, na unatoa damu, kwahiyo utolewe. Ukiwa umekaa upande wa ndani wanapitia njia ya mkojo bila kupasua tumbo, anachomwa ganzi ya mgongo, anakaa na mpira siku chache basi. Ukitoka wote ni nadra kurudi.

Mkunya_original:
Mi ningeanza na mizizi, kuna mzee huku Newala...

dada_wa_wodini:
Mkunya tafadhali. Mizizi haiondoi nyama iliyoziba mlango wa kibofu. Halafu huku kwetu kichocho kipo kweli, tena kikikaa miaka kinaleta kansa ya kibofu, kwahiyo mtu asisome huu uzi akajipa moyo kwamba wake nao ni fibroidi tu. Kinyama ndo kinasema. Na mkojo wa kutafuta mayai ya kichocho utolewe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndo yanatoka mengi, sio ule wa alfajiri.

Baharia_Mikindani:
Naongezea moja. Braza wangu nae alikuwa na uvimbe wa kibofu ila aina nyingine, akikojoa tu moyo unakwenda mbio, jasho, kichwa kinagonga, presha inapanda mpaka 200 halafu inashuka yenyewe. Sisi tukadhani kapigwa kitu. Kumbe uvimbe unamwaga homoni kibofu kikijikaza. Wale hawakatwi hivihivi, anapewa kwanza dawa za kushusha presha siku kadhaa, la sivyo anaweza kufia mezani. Muulize mama kama anasikia hivyo na umwambie daktari mapema.

Mtu_wa_Masasi:
Asanteni sana. Nimemuuliza sasa hivi, anasema moyo hauendi mbio, anayekwenda mbio ni yeye kutafuta choo 😀. Ile karatasi ya majibu nimeipiga picha nimeihifadhi, mashangazi nitawasomea Jumapili. Nitaleta mrejesho.