Ushauri: Nimehesabu posti za mbunge wetu, nizianike?

Ndoo Mbili:
Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili. Kuna jambo linaninyima usingizi. Nimehesabu posti zote za mbunge wetu kuanzia Januari hadi Machi. Jumla 112. Misiba na pole 47, kumpongeza Rais 29, ibada na harusi 23, mpira 11. Maji 2. Na huku kwetu ndoo ni shilingi 500, inaletwa na bodaboda. Nikiianika hii orodha nitashtakiwa? Nawasilisha.

Mama Chapati:
500 una bahati. Sisi tulinunua 700, tena yenye viluwiluwi. Nikamwambia baba watoto tuhame, akasema tusubiri uchaguzi upite. Umepita, bado tupo.

Mzee wa Kigoda:
Mwanangu, kiongozi asipokuja msibani ni nyie nyie mtasema ana dharau. Hebu tuambie, za pole zinapata laiki ngapi, na za maji ngapi?

Ndoo Mbili:
Za pole hazishuki 600, mzee. Ya maji ya Februari ilipata 14, na maoni 38 yakafutwa yote.

Wakili Pori:
Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inabana taarifa za uongo. Kuhesabu alichoposti mtu hadharani si uongo. Ila yaliyofutwa umejuaje yalikuwa 38?

Ndoo Mbili:
Niliyaona.

Wakili Pori:
Mkuu.

Ndoo Mbili:
Haya. Ukurasa naendesha mimi. Niliyafuta mimi, kwa maelekezo. Msinirushie mawe, nina watoto wawili na kazi yenyewe haina mkataba.

Wakili Pori:
Orodha umeshampa nani?

Ndoo Mbili:
Sijampa mtu. Nimemwonyesha tu jamaa anayetaka kuchukua fomu. Kaipiga picha mwenyewe, mimi ningefanyaje?

Mlevi wa Jana:
Kaipiga picha mwenyewe 😂 Kuna binti mtaani kwetu naye alipata mimba kwa kusalimiana.

Nyayo Nairobi:
Huku Kenya tulizoea picha za harambee kanisani kila Jumapili. Juni 25, 2024 vijana wakaingia Bunge juu ya Mswada wa Fedha. Julai 5 Ruto mwenyewe akaja X kuongea nao. Kumbe njia alikuwa anaijua.

Mlevi wa Jana:
Bora wa kupost matanga. Oktoba 2022 Muhoozi, mtoto wa Rais Museveni wa Uganda, aliandika Twitter kwamba wiki mbili zinatosha kuiteka Nairobi, mzee Museveni akabaki kuomba radhi.

Mama Chapati:
Wewe kijana unakula kwa mbunge, unalala kwa mpinzani wake. Dhambi hiyo.

Kipimajoto:
Jamani, chai hii, tena ya rangi. Anayelipwa kupost ahesabu posti zake mwenyewe kwa makundi, halafu aje kuomba ushauri? Huyu ndiye huyo jamaa wa fomu, anatupima upepo.

Mzee wa Kigoda:
Hata mimi nimeanza kuingiwa na shaka.

Ndoo Mbili:
Chai? Nanakili hapa rasimu iliyopo kwenye simu yangu, tangu mwaka jana haijabadilika neno: "Nimepokea kwa mshtuko na majonzi makubwa taarifa ya kifo cha ________, aliyekuwa nguzo ya jimbo letu. Nilizungumza naye siku chache tu zilizopita." Kazi yangu ni kujaza jina.

Mzee wa Kigoda:
Hiyo ya "siku chache" ilipostiwa tulipomzika kaka yangu. Alikuwa hasemi tangu apate kiharusi, mwaka mzima.

Mlevi wa Jana:
Pole mzee.

Kipimajoto:
Pole sana mzee. Ndoo Mbili, ya maji nayo ina rasimu?