Sanda ya Torino: niwajibu nini watoto wa Komunyo ya Kwanza?

Katekista_wa_Kijijini
Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Nafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza, huu mwaka wa tisa. Ukumbini kwetu kuna picha kubwa, ya nyeusi na nyeupe, ya ule uso wa kwenye Sanda ya Torino, kile kitambaa cha kitani chenye taswira ya mwili wa mtu, ambacho wengi huamini Bwana Yesu alizikwa nacho, na chini ya picha kuna mtu aliandika kwa kalamu ya wino mzito: USO HALISI WA BWANA YESU. Jumamosi iliyopita binti mmoja wa darasa la nne akanyoosha mkono: "Mwalimu, kaka yangu anasema hicho kitambaa ni feki, kilishapimwa." Nikamjibu imani haipimwi maabara, tukaendelea na somo. Usiku sikulala vizuri. Mtoto hakuniuliza habari za imani, aliuliza kitambaa kina umri gani. Mwenye kujua anieleze taratibu, nisije nikawadanganya watoto wa watu.

Mwalimu_Kemia
Milele amina, Katekista. Kaka wa huyo binti anasema jambo lenye msingi. Mwaka 1988, kwa ruhusa ya Kanisa lenyewe, kilikatwa kipande pembeni mwa sanda, wakagawiwa maabara tatu: Oxford, Zurich na Tucson kule Arizona. Mmea ukiwa hai huvuta kaboni 14 kutoka hewani. Ukishavunwa, kama kitani hiyo, kaboni 14 iliyomo hupungua kwa mwendo unaojulikana. Wakapima iliyobaki, na jibu likawa kwamba kitani hiyo ni ya kati ya mwaka 1260 na 1390 baada ya Kristo. Sasa angalia: sanda hii inaanza kusikika miaka ya 1350, huko Lirey, Ufaransa, kwa familia ya Geoffroi de Charny. Na mwaka 1389 askofu wa Troyes, jimbo lenye hiyo Lirey, Pierre d'Arcis, aliandika kwamba askofu aliyemtangulia alishagundua ni kazi ya mchoraji, na mchoraji mwenyewe alikiri. Huyo ni askofu, si mpinga dini.

Mtumishi_77
Mwalimu, umeruka mengi! Mpiga picha Secondo Pia alipoipiga picha mwaka 1898, ni kwenye negativu, ile picha ambayo penye giza huwa peupe na peupe huwa giza, ndipo uso ulipotokea wazi kama wa mtu aliye mbele yako. Mchoraji wa karne ya 14 angejuaje mambo ya negativu? Wanasayansi wa Marekani walioikagua mwaka 1978 walisema si kazi ya mchoraji. Na mmoja wao, mkemia Raymond Rogers, aliandika mwaka 2005 kwamba kona iliyokatwa ilikuwa na nyuzi za matengenezo. Kwa hiyo walipima kiraka, hawakupima sanda.

Fundi_Cherehani_Torino
Katekista, shikamoo. Mimi naishi hapa Torino, kazi yangu ni kurekebisha nguo. Mwaka 2015 sanda ilipotolewa watu waione niliweka nafasi, hakuna kiingilio, nikapanga foleni na wenzangu wa parokia. Ndani ni giza, mnasimama mbele yake dakika chache tu.

Ni ndefu, mita nne na zaidi, upana kama mita moja. Rangi ya mwili ule ni hafifu sana, kama alama inayoachwa na pasi iliyozidi moto. Kinachokuvuta macho kwanza ni mistari miwili ya kuungua, kutoka mwisho hadi mwisho. Mwaka 1532 kanisa la Chambéry, ilikotunzwa sanda wakati huo, lilishika moto, sanduku la fedha likayeyuka, tone likapenya kitambaa kikiwa kimekunjwa. Ndiyo maana matundu yanajirudia. Watawa wa Mtakatifu Klara waliyatia viraka, na viraka hivyo vikatolewa mwaka 2002.

Mtumishi, kaka yangu, hapo kwenye kiraka nisikilize kama fundi. Kitambaa hiki kimefumwa kwa mistari ya kwenda na kurudi, kama mifupa ya samaki. Unaweza kutia uzi mpya mbele usionekane. Ukigeuza nyuma, mkono wa fundi lazima uonekane. Mwaka huo wa 2002 Mechthild Flury-Lemberg, bingwa wa nguo za kale, aligeuza nyuma, na hakukuta matengenezo ya namna hiyo. Naye wala hakuwa upande wa Mwalimu, kwani aliona mshono wa ubavuni unafanana na wa nguo zilizochimbuliwa Masada, ngome ya Wayahudi ya karne ya kwanza. Hata hivyo hoja ya kiraka aliikataa.

Kwa hiyo mimi naukubali umri uliopimwa. Na siku ile nilipiga magoti nikalia, kwa sababu damu ya kwenye kifundo cha mkono na jeraha la ubavuni vilinionyesha Ijumaa Kuu kuliko mahubiri niliyowahi kusikia. Papa Yohane Paulo II alikuja hapa mwaka 1998, akasema swali la uhalisi ni la wanasayansi. Kanisa halijamlazimisha mtu kuamini kwamba ndiyo sanda yenyewe.

Mtumishi_77
Dada, hilo la kugeuza nyuma sikuwahi kuelezwa. La negativu bado nalishikilia, hakuna aliyenionyesha ilivyotengenezwa.

Katekista_wa_Kijijini
Marahaba, binti yangu, na asanteni wote. Nimezungumza na paroko leo asubuhi. Picha inabaki ukutani. Maandishi ya chini nitayafunika kwa karatasi, niandike: "Picha ya Sanda ya Torino, Italia." Na Jumamosi nitaanza kwa kumwomba radhi yule binti mbele ya wenzake.