Je, vyuo vya Marekani vitaje kasti kwenye kanuni zake za ubaguzi?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Nina jambo linanisumbua tangu nisome shahada ya pili Ohio. Chuo cha Marekani kinapokataza ubaguzi wa rangi, dini, jinsia na nchi, kiongeze na kasti, yaani tabaka ambalo Mhindi huzaliwa nalo? Mimi nasema kiongeze.

Kwa ambao hawajafuatilia: Brandeis, chuo cha Massachusetts, kilianza kuitaja kasti mwaka 2019. Januari 2022 ikafuata California State University, yenye kampasi 23 wakati huo, na walimu wake wawili wenye asili ya India wakaishtaki. Februari 2023 jiji la Seattle likapiga marufuku ubaguzi huo. Oktoba mwaka huo huo gavana wa California, Gavin Newsom, akagoma kusaini SB 403, muswada wa kukataza ubaguzi wa kasti jimboni, kwa hoja kwamba sheria zilizopo zinatosha.

Sasa niliyoyaona. Wanafunzi wa Kihindi hupanga nyumba hata kabla hawajapanda ndege. Kuna makundi ya WhatsApp ya kila chuo: nani anatafuta chumba, nani anakula nyama, kodi mtagawana wangapi. Rafiki yangu kutoka Hyderabad alishakubaliwa chumba. Kisha mmoja akamuuliza jina kamili, maana yeye aliandika jina moja tu. Akaulizwa baba yake anafanya kazi gani. Akaulizwa kijijini kwao wanakaa upande gani. Hayo ndiyo maswali ya kumjua mtu kasti yake bila kuitaja. Baada ya siku mbili akaambiwa chumba kimepata mtu, na chumba hicho kikakaa kitupu hadi Oktoba. Ndipo akaja kuishi kwetu, Wakenya wawili na Mtanzania mimi.

Alikwenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Mama wa pale alimsikiliza vizuri, akamuuliza: ni rangi? Hapana, rangi yao moja. Dini? Wote Wahindu. Nchi? Wote Wahindi, tena wote wanasema Kitelugu. Fomu haikuwa na pa kuliandika lile lililomtokea, wakaagana. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, mpe pole rafiki yako. Ila mimi nakataa. Kanuni ya rangi inamhusu kila mtu chuoni, hii ya kasti macho yote yataelekea kwa Mhindi. Kuna mtoto kazaliwa New Jersey, hajui hata kasti ya babu yake, na sasa darasani ataulizwa na Wamarekani yeye ni tabaka gani. Mwalimu wa Kihindi akimpa mwanafunzi wa Kihindi alama mbaya, tuhuma tayari. Na California imeshakataza ubaguzi wa asili ya ukoo. Kasti ni nini kama si ukoo? Halafu mfano wako ni wa nyumba ya kupanga nje ya kampasi. Chuo kitaingiaje humo?

Mleta mada:
Nyumba ya kupanga nakubali, kanuni ya chuo haifiki. Lakini maabara inafika. Mwenye viza ya F-1 anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki masomo yakiendelea, tena ndani ya kampasi kwa kawaida. Msimamizi wake au mwenzake mwandamizi akimtenga, hana pa kwenda, na huenda nyuma yake kuna hati ya shamba iliyowekwa rehani benki. Kwamba kasti ni ukoo, mwanasheria analijua. Kijana wa miaka 22 na yule mama wa ofisini hawakulijua, nami nilikuwepo.

Na si Wahindi peke yao. Wasomali wana koo ambazo wengine hawaozi kwao. Sisi wa pwani tusijisafishe, maneno muungwana na mtwana bado yanasikika posa inapoletwa. Likiandikwa kasti, ni kwa yeyote.

Mchangiaji wa pili:
Kaka, mimi ni wa Mombasa, nasoma Texas. Kanuni naiunga mkono ila naona nyote wawili mmeliruka jambo gumu. Ili ulalamike kwamba umebaguliwa kwa kasti, sharti kwanza uitaje kasti yako. Rafiki yangu wa kike hapa ameificha kasti yake kwa miaka miwili. Anatumia jina lisiloonyesha kitu, na kwenye Diwali, sikukuu ya Wahindu, anawahi kuondoka kabla mazungumzo hayajafika kwenye vijiji na majina ya baba. Mtu huyo umpe fomu?

B. R. Ambedkar, aliyeongoza uandishi wa katiba ya India, alisoma Columbia kuanzia 1913. Baadaye aliandika kwamba miaka yake mitano ya Marekani na Ulaya ilimfutia kabisa fikra kuwa yeye ni mtu asiyeguswa, yaani wa tabaka la chini kabisa. Mimi naona alisahaulishwa na uchache wa Wahindi waliokuwa New York wakati ule. Mwaka wa masomo 2023/24 wanafunzi wa India Marekani walikuwa 331,602, wakiwapita Wachina. Leo mtu anatua na kijiji kizima kinamsubiri. Kinampokea uwanja wa ndege, kinampikia, kinamkopesha godoro, na wema huo nimeuona kwa macho yangu. Lakini ndicho hicho hicho kinachomuuliza jina la baba.

Kwa hiyo mimi nataka mawili zaidi. Malalamiko yapokelewe kwa siri, na chuo kitoe vitanda vya muhula wa kwanza kwa mgeni yeyote anayetaka, ili asilazimike kupita kwenye yale makundi.

Mchangiaji wa kwanza:
Vitanda nakubaliana nawe dada, hata mwanetu wa Kigoma vitamfaa. Neno lenyewe bado nalikataa.

Mleta mada:
Dada, umenifikirisha. Jana usiku nilimpigia yule rafiki yangu, sasa yuko kazini Dallas. Nikamuuliza, kama neno kasti lingekuwepo kwenye fomu siku ile, angejaza? Akakaa kimya kidogo. Akasema angejaza, iwapo yule mama angemhakikishia kwamba wenzake wa maabara hawataiona. Nikamuuliza kama walijua. Akasema hadi anamaliza shahada hakuwahi kuwa na hakika.