Inglishi midiamu au kayumba + tuisheni? Nina wiki mbili tu, niko Mwanza

MamaKitangiri: Wakuu habari za jioni. January mtoto anaanza la kwanza, fomu mwisho wiki mbili. Kuna inglishi midiamu moja huku ada milioni moja na laki sita kwa mwaka, basi laki nne na nusu, hapo rimu, sweta na hela ya picha sijaweka. Au kayumba, yaani shule ya serikali, dakika kumi kwa mguu, ile hela nyingine tuisheni na inayobaki tunamalizia nyumba Kisesa. Mume wangu anasema yeye kasoma kayumba na leo anakula. Mimi sitaki mwanangu apitie niliyopitia. Ipi bora?

FundiNyegezi: Dada unauliza bei ya mlango bila kutaja upana. Kipato kikoje? Mna watoto wangapi? Na ulipitia nini hasa?

Sangara_Mkavu: Kayumba bila kufikiria. Ada serikali ilishafuta, imebaki michango ya uji na mlinzi. Mi nimesoma Igoma, tunakaa chini, yeboyebo mguuni, daftari kwenye mfuko wa rambo, na leo nina nyumba na familia. Shida inakomaza bana. Hawa wa kwenye basi la njano umeme ukikatika tu wanaita mama.

Binti_Isamilo: Hiyo ya shida inakomaza huwa inasemwa na waliopona. Darasani mlikuwa wangapi na wangapi unajua walipo leo?

Sangara_Mkavu: Mia na kitu. Wengi wako Mwaloni wanapakia dagaa, wengine boda. Kwani sio watu?

Binti_Isamilo: Ni watu. Na swali langu bado liko palepale.

MamaKitangiri: Samahani nilikuwa dukani. Nauza vitenge, baba yao dereva wa lori, hela inakuja kwa msimu. Niliyopitia ni haya: la saba nilitoka wa tatu shule nzima, kila kitu kwa Kiswahili. Kufika form one mwalimu wa Biolojia anaingia na Kiingereza chake mwanzo mwisho, mimi nnachojua ni "mei ai go auti". Nikanyamaza miaka minne. Watu wakajua mi mpole, kumbe sina maneno.

Ticha_Butimba: Nimefundisha pande zote mbili, ngoja niseme kitu. Kiingereza ndo kinachoonekana ila sio chenyewe. Mtoto wa Capri Point kwa matajiri ukimuuliza anakutazama usoni, akikosea anakwambia naomba nirudie, maana nyumbani baba yake anamuuliza unaonaje tangu ana miaka mitatu. Wa kwetu amefundishwa mkubwa akiongea unainamisha macho, binti wa Kisukuma anapiga goti kabisa kusalimia, na hiyo ni adabu, wala sitaki ife. Ila mpeleke kwenye usaili wa kazi na adabu hiyohiyo uone, wataandika hajiamini. Hicho ndo watu wanalipia, na hakipo kwenye karatasi ya ada.

Sangara_Mkavu: Ticha unataka kusema tuwafundishe watoto kukodolea wazee macho 😂

MamaDagaa: Mimi nilimpeleka, ngoja nisimulie nisije nikafa nayo. Nauza dagaa Mwaloni, mume hayupo, nikasema huyu mmoja atasoma kama watoto wa wakubwa. Shule siitaji. Basi linamchukua saa kumi na moja kasoro asubuhi kwa sababu sisi ndo wa mbali linaanzia kwetu, linamaliza kwa matajiri, jioni vilevile yeye wa mwisho kushuka, anarudi amelala na kiatu. Muhula wa pili zikaanza bethidei, kila wiki kadi, usipopeleka zawadi mtoto anatengwa. Mara safari ya Saanane, mara nguo ya mahafali. Nikawa nakopa kwenye kikoba. Sasa siku ya wazazi nimetoka mnadani moja kwa moja, nimejifunga khanga safi lakini wenzangu mnajua, dagaa hawatoki kwenye ngozi kwa sabuni moja. Nikamuona mwanangu kanigundua, akageuka akaangalia ukutani. Jioni ananiambia, mama siku nyingine aje shangazi. Alikuwa na miaka nane. Sikumpiga, nilikaa jikoni tu. Ada yangu, mtoto wangu, alafu harufu iliyomlipia ndo anaikataa. Nikamtoa la nne sikuweza kuendelea, na huko serikali nako wakamuita mdosi mwaka mzima.

FundiNyegezi: Pole sana mama. Yuko wapi sasa?

MamaDagaa: Form three. Anakuja kunisaidia kuanika jumamosi. Hatujawahi kuongelea ile siku.

Kisiwani_Ukerewe: Me nlijua sisi maskini siku nilipokula kwa rafiki mjini wakaleta mnofu. Nilidhani samaki wa namna hiyo anazaliwa bila mifupa. Kwetu mnofu unapanda ndege kwenda Ulaya sisi tunapata mapanki, ile mifupa inayobaki kiwandani.

Sangara_Mkavu: Mapanki ya kukaanga na ugali wa muhogo usiyadharau!!!

Kisiwani_Ukerewe: Siyadharau, nimekuzwa nayo. Na kuogelea tumejifunza ziwani tukatoka na kichocho, wao wamejifunza hotelini kwa mwalimu. Wote tunajua kuogelea, mmoja tu ndo alimezeshwa vidonge foleni shuleni.

Sangara_Mkavu: Vile vidonge vichungu vile, ukimeza kabla ya uji unatapika 😂😂

Binti_Isamilo: Jamani mada. MamaKitangiri umeandika "baba yao". Fundi alikuuliza watoto wangapi, hujajibu.

MamaKitangiri: Wawili. Ni Kulwa na Doto. Kulwa wa kiume, Doto wa kike. Hela inatosha mmoja.

Binti_Isamilo: Aisee.

Ticha_Butimba: Dada hapo ulitakiwa uanzie. Na baba anataka aende nani?

MamaKitangiri: Anasema Doto ataolewa. Ila kwenye kusoma Doto ndo mwepesi.

Sangara_Mkavu: Mi hata aliye mwepesi sitazami. Mapacha hauwatenganishi, wote kayumba, kwisha. Wataishi chumba kimoja mmoja anasema mami mwingine anasema mayu?

MamaDagaa: Kwa hili namuunga mkono Sangara. Atakayebaki atahesabu kila siku basi linapopiga honi.

Binti_Isamilo: Mi naona Doto aende. Kulwa akibaki bado baba yake atampa shamba, Doto nani atampa?

FundiNyegezi: Unampa mtoto mmoja shule mwingine shamba, wakiwa na miaka sita 🤔 Sasa nyumba ya Kisesa imefika wapi? Mkisimamisha mwaka mmoja si mnapata ada ya wa pili?

MamaKitangiri: Lenta. Tunapanga Kitangiri laki na nusu kwa mwezi, baba yao hataki kusikia kusimamisha. Leo nimepita pale shuleni, fomu elfu ishirini, nimechukua mbili. Sijamwambia.

Sangara_Mkavu: Ukifika kupaua nicheki, nina bati za geji 28 mkono wa pili, ziko Buhongwa.