Kuunganisha nyumba ya kupangisha na bomba la majitaka Tabora mjini: tuanzie wapi?

Mkazi wa Tabora

Ndugu zangu, nawasalimu. Familia yetu ina nyumba ya kupangisha yenye vyumba sita hapa Tabora mjini, na majitaka yake huingia katika karo alilolijenga marehemu baba nyuma ya banda la uani. Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike mjini wapangaji hawahesabu tena ndoo, na karo ambalo zamani lilikaa muda mrefu bila kunyonywa sasa hujaa upesi, hasa mvua zikichanganya. Bomba la umma la majitaka linapita barabara ya mbele, na jirani aliyekwisha kuunganishwa ametukubalia tuingie kwenye chemba yake, lile shimo lenye mfuniko la kukagulia bomba, ili tupunguze gharama za kuchimba. Je, ridhaa yake inatosha? Maji ya mvua ya uani tunaweza kuyapitisha humo humo? Na karo la zamani tulifanyeje, maana karibu yake kipo kisima ambacho mama anakitumia kufulia?

Afisa Afya Mstaafu

Ndugu yangu, ridhaa ya jirani haitoshi. Huduma hii inaongozwa na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, na kwa mji wetu msimamizi wa mtandao ni TUWASA, yaani mamlaka ya maji na usafi wa mazingira ya Tabora. Anayetaka kuunganishwa hupeleka maombi huko, wataalamu wakaja kupima, na kazi ikakaguliwa kabla mtaro haujafukiwa. Ukiingia kwa jirani kimyakimya, siku chemba yake itakapofurika hakuna atakayejua uchafu ni wa nani, na akiuza kiwanja mnunuzi anaweza kuliziba bomba lenu asubuhi moja. Pale ambapo hakuna njia nyingine ila kupita kwake, makubaliano yaandikwe na mamlaka ijulishwe tangu mwanzo.

Kuhusu mvua nasema kwa mkazo: msiyaingize maji hayo hata kidogo. Paa la mita za mraba 150 likipigwa na mvua ya milimita 40 hushusha lita 6,000, na bomba la majitaka halikupimwa kwa mzigo huo. Nyumba kumi zikifanya hivyo, mifuniko ya chemba za bondeni huinuka na kinyesi humwagika barabarani wanakopita watoto wa shule. Kipindupindu husafiri kwa njia hiyo. Maji ya paa yapelekeni kwenye tangi au kwenye mfereji wa mvua.

Fundi Bomba

Naongezea upande wa kazi yenyewe, kwa sababu Tabora ni tambarare na hapo ndipo wengi wanapokwama. Kabla hamjanunua hata bomba moja, pimeni kina cha bomba la umma kwenye chemba ya barabarani, kisha pimeni mahali majitaka yanapotokea nyumbani. Kwa bomba la inchi 4, mteremko wa 1 kwa 40 ni mzuri, yaani sentimita 2.5 kwa kila mita. Kwa hiyo mita 30 zinahitaji kushuka sentimita 75. Choo cha uani kikiwa chini mno, mteremko hautapatikana, na hakuna ufundi wa kuyalazimisha maji yapande. Mpira wa maji wa mafundi, ule wa kupimia usawa, unatosha kuwaonyesha jambo hili kabla ya kutoa fedha.

Wekeni chemba kila bomba linapokata kona na kila mabomba mawili yanapokutana, ili likiziba lizibuliwe bila kuvunja sakafu. Kila sinki na kila tundu la bafuni liwe na kiwiko kinachobakiza maji, vinginevyo hewa chafu ya mtandao mzima itaingia vyumbani. Kama sakafu ya bafu iko chini kuliko mfuniko wa chemba ya barabarani, ombeni ushauri kuhusu vali ya kuzuia majitaka yasirudi ndani.

Karo la zamani lisiachwe na maji yake. Linyonywe lote na gari la majitaka, lisafishwe, sakafu yake itobolewe ili lisitunze maji, kisha lijazwe kifusi na mchanga hadi juu. Mashimo yaliyofunikwa kwa mbao na kusahauliwa yamekwisha kuua watu. Hata baada ya hapo, maji ya kisima kile yasitumike kupikia wala kunywa.

Msimamizi wa Nyumba

Jambo moja ambalo halijaguswa ni ankara. Kwa kawaida ada ya majitaka hukadiriwa kwa kiasi cha maji kinachosomwa kwenye mita, na bei huidhinishwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, kwa hiyo elezeni mapema kwamba mnatumia pia kisima, na wapangaji waambiwe kabla kodi haijabadilika. Kama kuna mpangaji anayepika chakula cha kuuza, mafuta yasimwagwe kwenye sinki. Yakipoa huganda ndani ya bomba, na hapo mtego wa mafuta ni wa lazima. Oili chafu ya gari ni mbaya zaidi, kwa kuwa majitaka husafishwa katika mabwawa kwa nguvu ya jua na vijidudu, na sumu ikiviua vijidudu hivyo maji hutoka yakiwa machafu kama yalivyoingia.

Mkazi wa Tabora

Nawashukuru sana. Nitawaeleza ndugu zangu tuachane na njia ya jirani na tupeleke maombi yetu wenyewe. Swali lililobaki: njia fupi ya kufika barabarani inapita chini ya mwembe mkubwa. Je, mizizi ni tatizo?

Fundi Bomba

Ni tatizo kubwa. Mizizi hufuata unyevu, huingia kwenye maungio yaliyolegea na kujaza bomba lote. Uzungukeni mwembe hata kama mita zitaongezeka, ila hesabuni upya mteremko, kwa sababu kila mita mnayoongeza inadai sentimita zake 2.5.