Mepo ya Kijapani ina shina baya, nifanyeje iwe bonsai (mti mdogo wa chunguni)?

KijanaWaNgamiani: Wakuu nimepewa mepo ya Kijapani (maple, ule mti wa mapambo), shina limenyooka kama mlingoti halafu pale ilipounganishwa na shina la mti mwingine pana nundu mbaya, matawi yote juu. Naanzia wapi?

MamaBustani: Mwanangu achana na nundu, juu yake menya ganda pete nzima, funga makumbi ya nazi yaliyolowa na nailoni, mizizi ikijaa ndo unakata chini yake unapata mti mfupi. Ila joto hili la Tanga! Mepo inataka baridi kweli, ipukutishe majani ipumzike, huku itadhoofika tu.

Mzigua: Kweli kabisa. Jaribu mkwaju, majani madogo na jua inalizoea, wangu nilikata shina ukachipua vizuri sana.

KijanaWaNgamiani: Shikamoo mama, asanteni. Mepo naiweka kivulini, mkwaju nautafuta kesho.